Ukali wa D-Bus kwa wachangiaji ni wa haki. Kinachokosekana ni macho

Mtu anayetaka kuchangia msimbo wa D-Bus, mfumo unaopitisha ujumbe kati ya programu za Linux, hupokewa na mwongozo wa makatazo juu ya kazi za kawaida za lugha ya C. Usitumie memcpy. Usitumie strlen, wala sprintf, wala strtok. Ukitaka kushughulikia mfuatano wa herufi, tumia DBusString, chombo kilichotengenezwa na mradi wenyewe, na kama hakina unachokihitaji, kiongezee humo humo, usitafute njia ya pembeni. Usiite vichwa vya maktaba za mfumo (faili zinazotangaza kazi za maktaba hizo) katika faili ambazo hazikuwa zikiviita. Kiraka, yaani badiliko la msimbo linalopendekezwa, sharti kipite majaribio yote yaliyopo, na mwandishi wake aongeze majaribio mapya yanayogusa alichokiandika. Sababu ya yote hayo mwongozo unaitoa kwa maneno machache: sehemu kubwa ya D-Bus ni nyeti kiusalama.

Malalamiko dhidi ya miongozo ya aina hii ni mengi miongoni mwa vijana wanaoandika programu, Nairobi, Dar es Salaam na kwingineko. Wanaambiwa kila siku kwamba programu huria iko wazi kwa wote, njooni mchangie. Wakifika wanakuta kiraka cha mistari michache kinakaa wiki kadhaa kikingoja msomaji, kisha kinarudishwa na maswali mengi kuliko mistari yenyewe. Wengi huishia hapo. Nawaelewa, lakini siwaungi mkono. Masharti yale yamelipiwa kwa dosari za kweli, na kuyalegeza ili wageni wajisikie vizuri kungekuwa kuwaumiza watu ambao hata hawajui kwamba D-Bus ipo kwenye kompyuta zao. Kinachonitia wasiwasi ni kingine kabisa: watu wa kuyasimamia masharti hayo ni wachache mno.

Tuanze na kazi yenyewe. Kwenye Linux, programu moja hairuhusiwi kuchungulia kumbukumbu ya programu nyingine, lakini haziwezi kufanya kazi bila kuzungumza. Ukichagua mtandao wa Wi-Fi, dirisha unalobofya ni programu moja, na NetworkManager inayounganisha ni nyingine, yenye mamlaka ya mtumiaji mkuu. Ujumbe baina yao hupita D-Bus. Mradi ulianza 2002, Havoc Pennington wa Red Hat akiwa miongoni mwa waanzilishi, na toleo la 1.0 likatoka Novemba 2006. Kabla ya hapo miradi miwili mikubwa ya mazingira ya madirisha kwenye Linux ilikuwa na njia zake: KDE ilikuwa na DCOP na GNOME ilikuwa na Bonobo. Yote miwili iliacha njia zake ikaja huku. Simu za Android zina mfumo mwingine kwa kazi hiyo, unaoitwa Binder.

Njia za ujumbe ni mbili. Ya kikao ni ya mtumiaji mmoja na programu zake. Ya mfumo ni ya kompyuta nzima, na hapo ndipo penye hatari, kwa sababu mtumiaji asiye na mamlaka yoyote anaweza kuipelekea ujumbe huduma inayoendeshwa na mtumiaji mkuu. Katikati inakaa dbus-daemon. Inapokea kila ujumbe, inaiuliza kerneli, kiini cha mfumo endeshi, aliyeutuma ni nani, inatazama sera zilizoandikwa katika faili za XML, kisha inaupeleka au inaukataa. Maana yake ni kwamba programu hii lazima isome baiti zilizoandikwa na mtu yeyote aliyeingia kwenye mashine, pamoja na mwenye nia mbaya, bila kuanguka na bila kukosea.

Strlen huhesabu herufi mpaka ikutane na baiti ya sifuri. Baiti hiyo isipokuwepo, inaendelea kusoma kumbukumbu isiyoihusu. Katika programu ya kawaida mwandishi anajua maneno yametoka wapi. Katika dbus-daemon yametoka kwa mtu asiyejulikana, na huyo huyo ndiye aliyetaja urefu wa ujumbe wake. Kanuni za D-Bus zinaruhusu ujumbe mmoja ufike MiB 128, na orodha moja ndani yake MiB 64. Katazo halimtuhumu mchangiaji kwamba hajui strlen. Linamwondolea mhakiki mzigo wa kuthibitisha, mstari kwa mstari, kwamba safari hii imetumika sawasawa. Akiiona tu ndani ya kiraka, anasimama. Ni dakika moja badala ya saa nzima, na saa za wahakiki ndiyo mali adimu kuliko zote katika mradi huu.

Kuna desturi nyingine inayowashangaza wageni zaidi, nami naiheshimu kuliko zote. Programu nyingi zikiomba kumbukumbu zikanyimwa, hujifia. Msimbo wa D-Bus haukupewa ruhusa hiyo, kwa sababu dbus-daemon ikifa kompyuta nzima inayumba. Basi majaribio yake huenda hivi. Kipande cha msimbo kinaendeshwa, na ombi lake la kwanza la kumbukumbu linakataliwa kwa makusudi. Je, kimerudi salama? Kimeachilia kilivyovishika? Kinaendeshwa tena, ombi la kwanza linakubaliwa, la pili linakataliwa. Kisha la tatu, la nne, mpaka kipande kipite chote bila kunyimwa kitu. Kila mlango wa kushindwa unafunguliwa walau mara moja. Mtu aliyezoea kuandika kwa kutumaini heri analazimika hapa kufikiria upande wa pili wa kila mstari wake, na akishazoea, mazoea hayo huhama naye kwenda kila anakofanya kazi.

Dosari zilipita hata hivyo. Oktoba 2022 toleo la 1.14.4 liliziba tatu kwa mpigo, zilizoorodheshwa kwa namba za CVE (orodha ya kimataifa ya dosari za usalama) CVE-2022-42010 hadi 42012. Moja ilitokana na mabano yaliyofungwa bila mpangilio katika maelezo ya aina ya data. Nyingine ilitokana na orodha ambayo urefu wake haukulingana na ukubwa wa vitu vilivyomo. Ya tatu ilihitaji ujumbe wenye mpangilio wa baiti tofauti na wa mashine yenyewe, ukiwa umebeba pia kishikio cha faili. Aliyeziripoti, Evgeny Vereshchagin, amejipatia jina kwa kazi ya kuzirushia programu data iliyovurugwa makusudi, maelfu kwa maelfu, na kutazama zinaangukia wapi. Hakuleta kipengele kipya hata kimoja. Alileta macho, na mchango wake siku ile ulizidi vipengele vingi ambavyo watu hugombana kwa ajili yake.

Marekebisho ya usalama nayo yana gharama, na mfano mzuri kuliko yote naupata mwaka 2014. Septemba ya mwaka huo, toleo la 1.8.8 lilifunga dosari kadhaa. Mojawapo ilimwezesha mtumiaji kufungua miunganisho mingi na kuiacha ikining'inia bila kukamilisha utambulisho, mpaka nafasi zote zikajaa na wenye haki wakakosa pa kuingilia. Dawa ilionekana nyepesi: muda wa kujitambulisha ukapunguzwa kutoka sekunde 30 hadi 5. Kwenye karatasi haina kasoro. Kwenye mashine za taratibu, huduma nyingi zinapowashwa kwa pamoja, zile za halali nazo zilishindwa kumaliza ndani ya sekunde 5, na kompyuta zikagoma kuwaka sawasawa. Kabla ya mwaka kwisha muda ukarudishwa 30 kwenye njia ya mfumo. Shule na ofisi nyingi za kwetu hutumia kompyuta zilizokwisha kutumika ng'ambo. Mchangiaji mwenye mashine kama hiyo, Mbeya au Kisumu, anaweza kugundua tatizo la namna hii wiki ileile toleo la majaribio linapotoka, jambo ambalo mwenye mashine mpya hataliona kabisa. Huo nao ni uchangiaji, na mradi unauhitaji.

Lakini dosari zilizoniogopesha zaidi katika historia hii hazikuwa ndani ya D-Bus. Zilikuwa kwa wanaoitumia.

Mwaka 2015 Charlie Miller na Chris Valasek waliliingilia gari aina ya Jeep Cherokee kutoka mbali, kupitia mtandao wa simu wa Sprint nchini Marekani. Redio ya gari ilikuwa ikitumia D-Bus, na D-Bus hiyo ilikuwa imewekwa wazi kwenye mlango wa TCP namba 6667, ikipokea wageni bila kuwauliza majina. Ndani yake palikuwa na huduma ya urambazaji yenye amri iitwayo execute, ambayo ilitekeleza chochote ilichotumiwa. Kutoka hapo watafiti hao walibadilisha programu ya chipu nyingine na kufikia mfumo wa usukani na breki. Chrysler ililazimika kuyaita magari milioni 1.4 kwa marekebisho. Nyaraka za D-Bus ziko wazi juu ya hili: mawasiliano yake kupitia TCP hayana usimbaji wowote, hayafai mtandao usioaminika, na kuruhusu wasiojitambulisha juu ya hayo ni kukabidhi mashine. Mwenye haja ya kuunganisha kutoka mbali anashauriwa apitie SSH, njia iliyosimbwa ya kuingia kwenye mashine nyingine. Onyo liliandikwa, na waliotengeneza redio ile hawakulifuata.

Ya pili ni ya hila zaidi. Polkit ni huduma inayoulizwa na huduma nyingine: huyu anayeomba, aruhusiwe au la? Mwaka 2021 Kevin Backhouse wa GitHub alieleza jinsi ya kuihadaa kwa amri za kawaida zilizomo katika mashine. Mtumiaji asiye na mamlaka anatumia dbus-send, amri ya kutuma ujumbe wa D-Bus, kuiomba huduma ya akaunti iunde mtumiaji mpya mwenye mamlaka ya msimamizi. Ombi likikamilika huchukua takriban milisekunde 16 kabla ya kukataliwa. Yeye analiua katikati, kwenye milisekunde ya 8 hivi. Wakati huo polkit imekwisha kupokea swali, nayo inaigeukia dbus-daemon kuuliza: aliyetuma ujumbe huu ni mtumiaji namba ngapi? Dbus-daemon inajibu kwa ukweli kwamba mtumaji huyo hayupo tena. Ni kosa, na kosa hilo linapaswa kumaanisha kukataa. Lakini katika njia moja ya msimbo, polkit ililipokea jibu hilo kama mafanikio, na namba ya mtumiaji ikabaki ile ile iliyowekwa mwanzo, yaani 0. Namba 0 ni ya mtumiaji mkuu. Ombi likapitishwa papo hapo. Kwa kuwa polkit huuliza swali hilo mara kadhaa na njia nyingine zilishughulikia kosa vizuri, shambulio lilihitaji kurudiwa mpaka muda uangukie penyewe. Dosari hiyo, CVE-2021-3560, iliingia kwenye msimbo mwaka 2013 na ikaishi humo miaka 7 na zaidi.

Hapa ndipo ninapoulaumu mwongozo, na lawama ni hii moja tu. D-Bus imewafundisha wachangiaji wake kulishughulikia kila kosa kana kwamba litatokea leo. Wanaoandika huduma juu yake hawakufunzwa hivyo, ilhali wao ni wengi zaidi na ndio wanaoshika mamlaka. Nyaraka zinaeleza vizuri namna ya kutuma na kupokea ujumbe. Ninachotaka ni ukurasa wenye uzito ule ule wa orodha ya makatazo, kwa ajili ya waandishi wa huduma: mtumaji anaweza kutoweka kabla hujamaliza kumjibu, utambulisho usiopatikana ni sababu ya kukataa, usianzishe namba ya mtumiaji kwa 0, usitoe amri inayoendesha maneno ya mgeni. Mistari ile ya polkit ingepitishwa kwenye majaribio ya kukataliwa kwa zamu, kama yale ya kumbukumbu, isingevuka wiki moja.

Mgeni ajifunze pia mpaka wa kinachohesabiwa kuwa dosari, maana ripoti zisizo na msingi hula muda ule ule wa wahakiki. Kwenye njia ya mfumo, mtumiaji mmoja kumwangusha mwingine au kujipandisha mamlaka ni dosari. Kwenye njia ya kikao, programu za mtumiaji mmoja zinachukuliwa kuwa zinaaminiana, kwa hiyo moja kuisumbua nyingine si jambo la kupigia kengele. Anayetaka kuzitenga, kama Flatpak, mfumo wa kufunga programu katika vifurushi vilivyotengwa, inavyofanya, huweka kichujio katikati. Na dosari ya kweli haitangazwi hadharani. GitLab ya freedesktop.org, tovuti ambako msimbo wa D-Bus unatunzwa, ina nafasi ya ripoti ya siri, ambayo watunzaji huisoma, huandaa kiraka, na kuwapa wasambazaji wa Linux nafasi ya kujiandaa kabla habari haijatoka. Anayeirusha mtandaoni ili aonekane wa kwanza amewapa washambuliaji siku za bure.

Sasa turudi kwa watu. Kwa miaka mingi kanuni ya D-Bus imekuwa kwamba kiraka cha kawaida kisomwe na mhakiki mmoja asiye mwandishi wake, na kinachobadilisha itifaki kisomwe na wawili. Ni kanuni nzuri mno, ila inahitaji watu wawili wawepo. Matoleo mengi ya zaidi ya mwongo mmoja yamepita mikononi mwa mtu mmoja, Simon McVittie. Namshukuru kwa dhati, na ninaogopa kila ninapofikiria mfumo ulio karibu katika kila kompyuta ya Linux yenye dirisha ukitegemea idadi ndogo kiasi hicho.

Woga huo una sura tangu Machi 2024. XZ Utils, maktaba ya kubana data, ilikuwa ikitunzwa na mtu mmoja aliyechoka. Akaunti yenye jina Jia Tan ilianza kuleta viraka 2021, vizuri na kwa upole, huku akaunti nyingine zikimshinikiza mtunzaji agawane madaraka. Aligawana. Matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 yakatoka yakiwa na mlango wa siri, sehemu yake ikiwa imefichwa kwenye hati ya ujenzi (maagizo ya kugeuza msimbo kuwa programu) iliyokuwamo katika kifurushi cha kupakua ila haimo katika hazina ya msimbo inayosomwa na wahakiki. Andres Freund aliugundua alipofuatilia kwa nini kuingia kwa SSH kulichelewa kama nusu sekunde. Na mlango huo uliifikia SSH kupitia ujumbe baina ya michakato. Baadhi ya wasambazaji walikuwa wameongeza kiraka ili sshd, programu inayopokea miunganisho ya SSH, iiambie systemd, inayowasha na kusimamia huduma za mfumo, kwamba iko tayari. Ujumbe wenyewe ni READY=1, maneno machache ndani ya soketi, lakini kwa kuutuma waliunganisha libsystemd, maktaba ya systemd, yote, ambayo nayo iliivuta maktaba ya xz. Julai mwaka huo OpenSSH 9.8 ilikuja na njia yake yenyewe ya kutuma ujumbe huo bila libsystemd.

Wako wanaosema somo la xz ni kuwashuku wageni. Sikubali. Jia Tan alipita kwa sababu hapakuwa na jozi ya pili ya macho, wala hapakuwa na aliyelipwa kulinganisha kifurushi na hazina. Kampuni zinazouza magari, runinga na seva zenye Linux ndani zinaweza kulipia saa hizo bila kuhisi pengo. Zinachopaswa kulipia ni uhakiki, si vipengele vipya.

Na kijana aliyerudishiwa kiraka chake asiondoke. Aujenge msimbo wa D-Bus kwenye mashine yake, aendeshe majaribio, hasa kama mashine ni kuukuu. Achukue dosari moja iliyokwisha kufungwa, asome kiraka chake mpaka aelewe kwa nini kila mstari upo. Asome viraka vya wengine vinavyongoja na aandike alichokiona. Kisha aendeshe busctl, amri ya kuchunguza njia za D-Bus, kwenye kompyuta yake, atazame ni huduma zipi zinafanya kazi kwa mamlaka ya mtumiaji mkuu na zinapokea amri zipi, na kwa kila amri ajiulize nini kinatokea mtumaji akitoweka katikati. Akipata jibu baya, aandike ripoti ya siri yenye hatua za kulirudia tatizo, na anyamaze mpaka kiraka kitoke.